HAKIKISHENI KABLA YA KUAMINI

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyetupa masikio, macho na akili. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nawausia nyinyi na kuiusia nafsi yangu kumcha Allah.

Katika Suratul-Hujurat, aya ya 6, Allah anatuamuru tukiletewa habari na mtu fasiki tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Wanazuoni wa tafsiri wameeleza sababu yake. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kwa Banu Mustaliq akakusanye zaka. Watu wakatoka kumlaki, naye akaogopa, akarudi akasema wamekataa zaka na walitaka kumwua. Ilikaribia vita. Imepokewa kwamba Khalid bin Walid (R.A.) alitumwa kuhakikisha, akasikia adhana kwao. Ilikuwa habari ya uongo, na ilibaki kidogo damu ya Waislamu imwagike.

Ndugu zangu, sisi wa Katanga tunaijua hatari hiyo. Kuanzia mwaka 1992, huku Katanga, hasa Likasi na Kolwezi, majirani zetu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu, kisha wakafukuzwa majumbani mwao. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, na wengi walifariki. Wakati ule hapakuwa na WhatsApp. Maneno ya mikutanoni na redio trotwari yalitosha.

Leo hatari imeongezeka. Kuna programu za akili bandia ambazo zikipewa sauti ya mtu kwa muda mfupi tu, humsemesha asiyoyasema kamwe. Hutengeneza picha na video za jambo lisilotokea. Kijana wa Bel-Air akiipokea usiku katika telefoni yake, akaituma kwa kundi la watu 100, asubuhi komine nzima ya Kampemba imewaka hasira. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba inamtosha mtu kuwa na dhambi ya uongo kusimulia kila anachosikia. Na kutuma ni kusimulia.

Wengine sasa wanaiuliza programu hata mambo ya dini. Inajibu haraka, kwa lugha nzuri. Lakini tujue inavyofanya kazi: imelishwa maandishi mengi mno, kisha inakisia neno gani lifuate neno gani. Ndiyo maana mara hupatia, na mara hutunga hadithi isiyokuwepo na kuitajia kitabu na namba. Maulamaa wetu waliuliza: umepokea kwa nani, naye kwa nani? Abdullah bin Mubarak (R.A.) alisema kwamba isnadi ni katika dini, bila hiyo kila mtu angesema atakalo. Imam Bukhari alichuja hadithi zake kwa njia hiyo. Basi programu ikikupa hadithi, ifungue katika kitabu chenyewe, au muulize sheikh wako.

Wazazi, waangalieni watoto wa masomo. Mtoto anayenakili jibu la mashine anapata alama, lakini akili yake inalala. Mwambieni ajaribu mwenyewe kwanza, kisha alinganishe, kisha aeleze kwa kinywa chake kwa nini jibu ni sahihi.

Habari ikikufikia, jiulize mambo matatu: Nani kaisema? Nani mwingine mwaminifu kaithibitisha? Nani ataumia ikiwa ni uongo? Usipopata jibu, iishie kwako.

Katika Suratul-Israa, aya ya 36, Allah ametuonya tusifuate tusilolijua, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Mashine haitasimamishwa Siku ya Kiyama. Utasimamishwa wewe, uliyeamini na uliyetuma.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuifuate, na tuonyeshe batili tuiepuke. Uulinde mji wetu na fitina. Amin.

Wabillahi Tawfiq.