Kabla ya kusema ana jini, tuulize anayemtibu amesomea nini

 

 Ndugu zangu Waislamu, wiki hii nataka tuzungumzie maradhi yaliyomo katika nyumba zetu nyingi, lakini tunayafunika kama aibu. Nayo ni maradhi ya wasiwasi. Sikusudii ule wasiwasi anaoupata mzazi mtoto wake akichelewa kurudi kutoka madrasa, au mfanyabiashara mzigo wake ukikwama bandarini. Huo ni wa kimaumbile. Nakusudia hofu inayomkaa mtu kwa miezi bila ya sababu inayolingana nayo, ikamnyima usingizi, ikamtoa kazini, ikamfanya ashindwe hata kupanda daladala au kusimama safu ya mbele msikitini.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeeleza kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya aina hii, na kwamba katika maradhi ya akili hayo ndiyo yanayowapata watu wengi zaidi. Shirika hilo hilo linasema ni takriban mtu mmoja tu katika kila wanne anayepata tiba. Je, hao watatu waliobaki wako wapi? Wa kwetu tunajua walipo. Wapo majumbani wakiambiwa wana imani dhaifu. Wapo kwa waganga wakidaiwa kuku na shuka nyeusi. Na wengine, ni lazima tuseme ukweli, wapo kwa watu wanaojiita wasomaji wa ruqya, wakipigwa fimbo ili jini aseme jina lake.

Tuanze na hili la imani dhaifu. Hivi Nabii Musa (A.S) alikuwa na imani dhaifu? Qur'an inatueleza (20:67) kuwa alihisi hofu ndani ya nafsi yake mbele ya kamba za wachawi wa Firauni. Nabii Yaqub (A.S) alihuzunika kwa kumpoteza mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe (12:84). Na Mtume wetu (S.A.W), kama alivyopokea Bukhari, alikuwa akiomba sana kukingwa na hamu na huzuni, yaani dhiki ya moyo kwa yajayo na kwa yaliyopita. Basi anayemwambia mgonjwa kuwa angekuwa anaswali vizuri asingeugua, amesema jambo zito bila ya elimu.

Wala mtu asinielewe vibaya. Sikatai kuwepo kwa majini. Qur'an ina sura nzima yenye jina lao. Sikatai kuwa Qur'an ni ponyo na rehema kwa waumini (17:82). Msomee mgonjwa wako, umuombee, mfanye adhkari asubuhi na jioni. Ninachokataa ni kuifanya ruqya kuwa kisingizio cha kumnyima mgonjwa tiba nyingine ambayo Allah ameiweka duniani, na kumkabidhi kwa mtu ambaye hakuna anayejua amesomea nini.

Na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Dini yetu haikuishia kutuambia tujitibu. Imekwenda mbele ikaweka sharti juu ya anayetibu. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Mtume (S.A.W) amefundisha kuwa mtu anayejiingiza katika utabibu hali hajulikani kuwa na elimu hiyo, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyasababisha. Mafakihi wakajenga juu ya hadithi hiyo hukumu za fidia. Yaani zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, Muislamu alikwishafundishwa kuuliza: wewe unayenitibu, umejifunza kwa nani? Leo tunamuuliza fundi wa gari swali hilo, lakini hatumuulizi anayeitibu nafsi ya binti yetu.

Wala elimu ya nafsi si kitu kilicholetwa na wazungu. Katika karne ya tatu Hijria alizaliwa karibu na mji wa Balkh, Afghanistan ya leo, mwanachuoni aliyeitwa Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934 Miladia. Aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na ya nafsi. Sehemu moja ni ya tiba ya mwili, na ya pili ni ya nafsi: hasira, hofu, huzuni, na wasiwasi wa mawazo yanayojirudia. Akawashauri watu wajiwekee akiba ya fikra njema wakati nafsi imetulia, ili waitumie dhiki inapokuja, kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaugua. Profesa Malik Badri wa Sudan, mwanasaikolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 2021, ndiye aliyeifasiri sehemu hiyo kwa Kiingereza na kuonyesha jinsi inavyofanana na tiba inayotumika hospitalini leo. Tukumbuke pia kuwa hospitali ya Sultan Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Waislamu hao walikuwa wakisoma Qur'an kuliko sisi, na bado waliweka matabibu.

Sasa nani ni nani? Wengi wetu tunachanganya. Daktari wa magonjwa ya akili kwanza ni daktari kamili. Hapa Tanzania husoma udaktari miaka mitano, akafanya mazoezi ya kazi hospitalini mwaka mmoja, kisha akarudi chuoni, kama pale Muhimbili, kusomea ubingwa. Huyo anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba si daktari wa dawa. Husoma shahada ya kwanza, kisha shahada ya uzamili katika saikolojia tiba, na sehemu kubwa ya masomo hayo ni kukaa na wagonjwa chini ya usimamizi wa aliyemtangulia. Marekani humchukua miaka mitano au zaidi ya uzamivu, ndani yake mwaka mzima wa kazi hospitalini, ndipo afanye mtihani wa leseni. Uingereza jina lenyewe la mwanasaikolojia tiba linalindwa na sheria tangu mwaka 2009. Ukijiita hivyo bila kusajiliwa unashitakiwa. Kenya nao walitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Mshauri nasaha naye ana nafasi yake na mafunzo yake, lakini semina ya wiki mbili na cheti cha kubandika ukutani havimfanyi mtu kuwa tabibu wa nafsi, hata akiwa na kipindi redioni.

Mtu atauliza: miaka yote hiyo ya nini, kwani si kuzungumza tu? Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu unatuhusu sisi watu wa msikitini. Namfahamu kijana mmoja, mswalihina, aliyekuwa akiingia kutia udhu adhana ya adhuhuri ikiadhiniwa na kutoka jamaa imekwisha. Anaosha mkono, anaona haukuenea maji, anarudia. Akifunga takbira anaona hakutia nia, anaifungua. Akawa anamfuata imamu kila siku na swali lile lile: je, swala yangu imesihi? Imamu, kwa huruma, anamjibu imesihi. Kijana anatulia saa moja, kisha anarudi. Wazazi wakampeleka kusomewa mara nyingi, na fedha nyingi zikatoka.

Aliyesomea maradhi haya anajua kuwa lile jibu la imamu, pamoja na wema wake wote, lilikuwa ni kuni kwenye moto. Kila mgonjwa anapotulizwa, nafsi yake inajifunza kuwa haiwezi kutulia bila kutulizwa, na kiu ya swali inazidi. Tiba yenyewe ni kinyume chake. Mwaka 1966 Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, alichapisha maelezo ya wagonjwa aliowatibu kwa kuwakabilisha na kile wanachokiogopa huku wakizuiwa kufanya kile kinachowatuliza. Mgonjwa wa udhu ataosha kiungo kama inavyotakiwa, atafunga bomba, ataondoka hali moyo unamsukuma arudi, na hatarudi. Hofu itapanda, itafika kileleni, kisha itashuka yenyewe. Hufanywa kwa ngazi, kuanzia dogo, kwa idhini yake mgonjwa. Njia hii mpaka leo ndiyo miongoni mwa tiba zenye ushahidi mkubwa kwa maradhi ya wasiwasi unaojirudia. Asiyefundishwa akiijaribu kwa pupa humtisha mgonjwa akakimbia tiba moja kwa moja.

Na tazameni uzuri wa sheria yetu. Mtume (S.A.W) aliweka mpaka wa mara tatu katika udhu, na akamhesabu mwenye kuzidisha kuwa amekosea. Mafakihi wameweka kanuni kuwa yakini haiondolewi na shaka, na kwamba shaka inayomjia mtu baada ya kumaliza ibada haigeukiwi. Kwa hiyo mwanasaikolojia na sheikh wanaweza kukaa meza moja. Sheikh anaeleza kiwango ambacho sheria inakitaka, mara moja, bila kurudia; mwanasaikolojia anamfundisha mgonjwa kusimama hapo hapo. Kijana yule alitibiwa kwa njia hiyo, na sasa, alhamdulillahi, anaswali jamaa.

Isitoshe, elimu hiyo humfundisha tabibu kujua mipaka yake. Kuna mtu moyo unamwenda mbio ghafla, kifua kinabana, vidole vinaingia ganzi, anahisi roho inatoka. Yaweza kuwa ni shambulio la hofu. Yaweza pia kuwa ni moyo, tezi ya shingo au upungufu wa damu. Mwanasaikolojia aliyefunzwa hataanza kuzungumza kabla mgonjwa hajapimwa na daktari, na akiona panahitajika dawa atamtuma kwa mwenye kuandika dawa. Anayejua dawa moja tu huiona inafaa kwa kila mgonjwa.

Basi ndugu Muislamu, ukimpeleka mgonjwa wako, usione haya kuuliza. Umesomea wapi, na kwa kiwango gani? Umesajiliwa na nani? Umewahi kutibu tatizo kama hili, na kwa njia gani? Tutajuaje baada ya miezi miwili au mitatu kama tiba inafaa? Siri ya mgonjwa unaitunzaje? Kwa wake na mabinti zetu, uliza kama yupo tabibu mwanamke, au mkutano ufanyike mahali pasipo khalwa. Mtaalamu wa kweli hachukii maswali haya. Anayechukia, anayeahidi kuponya kwa siku moja, anayekuambia utupe dawa za hospitali au anayetaka kukaa na binti yako chumba kilichofungwa, mkimbie, hata kama ndevu zake zinafika kifuani.

Nakiri kuwa wataalamu hawa ni wachache na wengi wapo mijini. Lakini uchache huo nao tunauendekeza. Wenzetu wa Zimbabwe, kwa kazi aliyoianza Dk. Dixon Chibanda mwaka 2006, waliwafundisha mabibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na wenye dhiki na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu, chini ya usimamizi wa wataalamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa waliopitia benchi hizo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ulifika hata Zanzibar. Je, misikiti yetu, yenye mabaraza na wazee wenye subira, inashindwa nini? Imamu hatakiwi kuwa mwanasaikolojia. Anatakiwa aijue dalili, anyamaze pale asipojua, na awe na namba ya simu ya kliniki iliyo karibu. Allah ametuamrisha tuwaulize wenye kujua ikiwa hatujui (16:43), na amri hiyo haikumtoa imamu.

Na kwa wenye uwezo miongoni mwetu: tunajenga misikiti, na ni jambo jema. Mwaka huu mmoja wenu amlipie ada binti wa Kiislamu anayetaka kusomea saikolojia tiba. Ummah ambao wagonjwa wake hawana wa kuwatibu wakiwa na stara zao, utaendelea kuwasukuma milangoni kwa matapeli, na mbele ya Allah tutaulizwa.

Tunamuomba Allah (S.W) awaponye wagonjwa wetu, azitulize nyoyo zenye dhiki, na atupe elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.