Aliyepiga Besi



Mwaka 1965 kijana wa New York, Harvey Brooks, akiwa na miaka 21, aliitwa studio na rafiki yake Al Kooper akapige gitaa la besi kwenye albamu ya Bob Dylan, Highway 61 Revisited. Agosti hiyohiyo wakapanda jukwaani Forest Hills, wakazomewa, maana wengi walimtaka Dylan wa gitaa kavu, si wa vyombo vya umeme. Baadaye Brooks alirekodi na The Doors na Miles Davis. Watu wengi mno wamesikia vidole vyake, lakini jina lake wanalijua wachache. Ndiyo kazi ya mpiga vyombo wa kukodiwa: unapiga, unalipwa, unaondoka.

Mimi nami hupiga besi. Mwaka jana nilisaidia kwaya moja kurekodi nyimbo zake zote. Siku ya uzinduzi wakaitwa mbele waimbaji, mpiga kinanda, hata mpiga picha. Mimi sikutajwa. Nilipiga makofi kama wengine, ila ndani nilikuwa nawaka. Usiku nikajiuliza: mseminari mzima, kumbe nilikuwa nampigia nani?

Aristotle anasema heshima iko zaidi kwa anayeitoa kuliko kwa anayeipokea, kwa hiyo haiwezi kuwa lengo la maisha. Naye Yesu anatuambia Baba huona sirini (Mt 6:1-4). Besi yenyewe inafundisha: ikipigwa vizuri wengi hawaitambui, ikinyamaza wimbo wote unapwaya. Basi nikatulia.

Lakini nikamkumbuka mama anayefua vitambaa vya altare parokiani kwetu, na kanzu yangu pia nikiwa likizo. Sijawahi kumwambia asante. Nilijisemea tu, "Mama yule ni mnyenyekevu, hahitaji." Jamani! Unyenyekevu ni wake kuuchagua, si wangu kumpangia. Mtakatifu Thomas wa Akwino anaiweka shukrani karibu na haki: ni deni. Hata Brooks alilipwa ujira wake.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukisahaulika, tulia, Mungu ameona. Ila usitumie neno hilohilo kumsahau mwenzako.

Jumapili hii naanza na yule mama. Wewe unaanza na nani?

Tafakari njema.