Picha Safi, Mfupa Mgonjwa

Nimefundisha riadha Kitengela kwa miaka mingi, na kosa ninalolisimulia hapa ni langu. Nalisimulia ili mwalimu mwingine asilirudie.

Kijana wangu mmoja wa mbio ndefu alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya kaunti ya Kajiado. Kila alfajiri alishika njia ya Isinya, na katika wiki chache nilimwongezea kilomita karibu maradufu. Siku moja akaniambia, "Mwalimu, kinena kinauma, ndani kabisa." Nikamjibu ni msuli, akakande kwa maji moto. Wiki iliyofuata nilimwona akishuka kwenye bodaboda: alilishika paja kwa mikono miwili, akalinyanyua kama mzigo, ndipo akatua.

Tukaenda kupiga eksirei. Ripoti ikasema mifupa haina tatizo. Nikaiinua ile filamu juani, nikashukuru Mungu, nikamrudisha mazoezini.

Hazikupita wiki mbili. Akiteremka kilima, mguu ulimwachia akaanguka. Eksirei ya pili haikuhitaji mtaalamu kuisoma: shingo ya mfupa wa paja ilikuwa imevunjika. Alipasuliwa, akatiwa skrubu. Leo anatembea, lakini hakimbii.

Shingo hiyo ni kipande kifupi kinachounganisha mfupa wa paja na kichwa chake kilichomo ndani ya nyonga. Mkimbiaji akiongeza kilomita upesi kuliko mfupa unavyojijenga, au akikimbia huku hali chakula cha kutosha, mfupa huingia ufa mwembamba. Maumivu yake husikika kwenye kinena, ndiyo maana msuli husingiziwa. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haiuoni ufa huo. Ultrasaundi hufaa kwa kano na ngiri, lakini haioni ndani ya mfupa. Picha ya MRI ndiyo huugundua mapema, kwa sababu huonyesha majimaji yanayojikusanya ndani ya mfupa unaoumia.

Hata hivyo, MRI nayo si hakimu. Huweza kuonyesha dosari kwenye kinena cha mchezaji asiyeumwa popote. Novemba 2014, wataalamu 24 kutoka nchi 14 walikutana Doha kujadili maumivu ya kinena ya wanamichezo. Waliyapanga kwa kufuata maelezo ya mgonjwa na vidole vya daktari: ya misuli ya ndani ya paja, ya msuli unaokunja nyonga, ya mfereji wa kinena, ya mfupa wa kinena, na yale yatokayo kwenye nyonga yenyewe. Picha huja kujibu swali ambalo mwili umekwisha kuuliza. Mwili wa kijana wangu uliuliza, nami nikaisikiliza filamu.

Basi mwalimu mwenzangu, mkimbiaji akiumwa kinena anapokanyaga, au maumivu yakimwamsha usiku, msimamishe siku hiyo hiyo. Mweleze daktari kilomita ulizomwongezea, usifiche. Eksirei ikitoka safi na maumivu yangalipo, mpumzishe, atumie magongo, huku mkitafuta MRI, hata kama ni kuchangisha wazazi na kufunga safari ya Nairobi. Msimu mmoja ukipotea, mwingine huja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Kwa kijana wangu, hata huo ukuta sikuweza kuujenga.