Shosho Akihama na Nyumba Yake

Kila baridi, wazee wastaafu Marekani huingia jangwani karibu na Quartzsite, Arizona, na magari yenye kitanda, jiko na choo. Kibali cha serikali ni dola 180, unakaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Maji unajibebea, umeme ni wa sola. Jioni mzee na mkewe wanatoa viti nje, marafiki wa mwaka jana wanakuja na vyao, moto unawashwa.

Nilipoona video zao mara ya kwanza nilikasirika. Na wajukuu je? Halafu nikajishika. Mimi hapa Nairobi nimehama mara mbili tangu mwaka uanze, na hakuna aliyeniuliza. Lakini shosho lazima awe ushago, pale pale, chai tayari, ndio sisi tukija Desemba tuseme tumeenda nyumbani. Hiyo tunaiita heshima.

Juzi nilimuuliza kwa simu kama angependa kuzunguka hivyo. Alinyamaza kidogo.

“Na nyinyi mtanikuta wapi?”

“Si tutakupigia, shosh.”

Akacheka, akaniuliza kama nimekula.