Pamba, Moto na Kidonge cha Kiungulia

Nani amewahi kuuona moto ukiunguza? Imamu Ghazali aliuliza hivyo karibu na mwaka 1095, alipokuwa akisomesha Baghdad, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa. Jicho huona moto umegusa pamba, kisha huona pamba imeungua. Huko kusababisha kwenyewe, alisema, hakuna aliyekuona: ni mazoea yetu tu, na muunguzaji ni Mungu.

Swali hilo sasa limehamia kwenye ngozi.

Omeprazoli, kazi ya watafiti wa Sweden, iliingia sokoni mwaka 1988. Ukiifungua kapsuli yake hukuti unga, unakuta punje ndogo za mviringo mithili ya mtama. Kila punje imevikwa ganda, maana tindikali ya tumbo ikiiwahi, dawa huharibika. Kwa hiyo hupita tumboni imejifunika, huyeyuka kwenye utumbo mwembamba, huingia kwenye damu na kuzifikia seli zinazotoa tindikali kwa mlango wa nyuma. Ajabu ni kwamba huko ndani tindikali ileile ndiyo inayoiamsha, nayo ikishaamka huizima pampu ya tindikali. Kiungulia hutulia, mtu akapata usingizi.

Kwa watu wachache sana, baada ya wiki kadhaa au hata miezi, hutokea mabaka ya duara mgongoni, mabegani, na pale shingoni kola inapoachia jua. Ukingoni pana magamba, katikati pamefifia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi: baka huwa la zambarau au la kahawia iliyokoza. Damu ikipimwa, mara nyingi hukutwa kingamwili ziitwazo anti-Ro. Hiyo ni lupasi ya ngozi: kinga ya mwili huigeukia ngozi ya mwenyewe. Lakini dawa ilimezwa kwa ajili ya tumbo. Nani angeishuku kwa mgongo?

Kisa kama hicho cha lansoprazoli, dawa ya ukoo huohuo, kilikuwa kimeandikwa awali. Mwaka 2014 madaktari wa Denmark walieleza wagonjwa 19 waliopatwa mara 24. Yaani wengine walirudiwa, hata kwa dawa nyingine ya ukoo huo. Wasimamizi wa dawa wa Uingereza walitoa tahadhari mwaka 2015, wa Marekani mwaka uliofuata.

Ghazali angetabasamu. Mamilioni humeza kidonge hichohicho na ngozi zao zikabaki salama. Aliyepatwa alikaa juani pia, na pengine kinga ya mwili wake ilikwishaelemea upande huo. Akiacha dawa, mabaka kwa kawaida hufifia ndani ya wiki 4 hadi 12, ila anti-Ro huweza kubaki kwenye damu muda mrefu. Sababu basi ni ipi: kidonge, jua, au mwili wenyewe?

Ibn Rushd, kadhi na tabibu wa Andalusia aliyemjibu Ghazali, hakuwa na subira na mjadala huu. Kwake, anayekana sababu amekana elimu. Mtu aliyeandika kitabu kizima cha utabibu angesema nini kingine? Hata hivyo Ghazali hakumwambia yeyote atie mkono motoni. Mazoea yalimtosha kuishi nayo, na daktari anayemwambia mgonjwa wa mabaka “tuisimamishe hii, tuone” hahitaji zaidi. Kazi ngumu ni kwa yule ambaye vidonda vyake vya tumbo vimewahi kuvuja damu. Kwake kusimamisha dawa ovyo kunaweza kuwa hatari kuliko mabaka, kwa hiyo daktari hutafuta kwanza dawa ya ukoo mwingine, kama famotidini.

Shirika la Afya Duniani lina madaraja ya kupima kama dawa ndiyo iliyodhuru. La juu kabisa, hakika, hudai pamoja na mengine kwamba, panapobidi, mgonjwa apewe tena dawa ileile na madhara yarudi. Ni madaktari wachache wanaokubali kuirudisha pamba motoni ili waandike neno hilo. Kwenye jalada la mgonjwa huandika “yaelekea”, wakamwagiza avae mikono mirefu.