Deni la Dinari Mia

Fungua pamoja nami Mathayo 18, kuanzia mstari wa 21. Ni mfano tunaoujua tangu tukiwa watoto: mtumishi amesamehewa talanta 10,000, anatoka nje na kumkaba koo mwenzake mwenye deni lake la dinari 100. Tukiuhubiri, mara nyingi tunasema huyu wa pili alidaiwa kitu kidogo tu, pesa ya chai. Mimi pia nimeuhubiri hivyo. Lakini nilisomea biashara, na siku moja nikashika kalamu nikapiga hesabu. Nikaona nimekuwa nikiwapotosha.

Dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua kwa siku nzima. Wasome wale wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20. Basi dinari 100 ni kazi ya siku 100. Mchukue mtu wa mjengo anayelipwa shilingi 700 kwa siku: hiyo ni shilingi 70,000. Nani kati yetu amepoteza elfu sabini akaiita pesa ya chai? Ni kweli, talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, kwa hiyo deni la yule wa kwanza ni kazi ya siku milioni 60. Hata aishi miaka laki moja, hamalizi. Mbele ya deni hilo, elfu sabini inamezwa kabisa. Lakini Yesu hakusema si kitu. Alichagua kiasi kinachouma.

Mimi najua kinavyouma. Kabla ya kuingia huduma nilikuwa nimeajiriwa, na ndugu mmoja tuliyekuwa tukiomba naye mikesha aliniomba niwe mdhamini wake wa mkopo wa Sacco. Nikatia sahihi bila kusoma mara mbili. Baada ya miezi michache akaacha kulipa, akabadilisha namba ya simu, na sisi wadhamini tukaanza kukatwa. Mimi nilikatwa miezi 19.

Mwezi wa kwanza nilipiga magoti, nikalia, nikasema, “Bwana, nimemsamehe.” Nilimaanisha. Nikainuka nikiwa mwepesi. Halafu mwisho wa mwezi ukafika, nikaona ile karatasi ya mshahara na ile laini ya makato, na hasira yote ikarudi kana kwamba sijawahi kuomba. Nikajiuliza kama nilikuwa nimesamehe kweli au nilijidanganya. Nikarudi magotini. Mwezi wa tatu, hivyo hivyo.

Hapo ndipo nilianza kuielewa ile saba mara sabini. Zamani nilidhani Petro aliambiwa kuhusu mtu mkorofi anayekukosea mara 490. Inawezekana. Lakini pia kuna kosa moja tu, lililofanywa mara moja, ambalo wewe unalisamehe kila linapokuja tena kichwani. Ndugu yangu, kama ulisamehe Jumapili na Jumanne ukaamka na uchungu, usikubali shetani akuambie kwamba Jumapili ulikuwa mnafiki. Makato yamekuja tena, ndiyo hivyo.

Kwenye hesabu za biashara, huwezi kufuta deni ambalo halijaandikwa kitabuni. Lazima kwanza liandikwe: fulani anadaiwa kiasi hiki. Ukilifuta, hasara haiendi hewani, anaibeba aliyekopesha. Ndiyo maana inanisumbua sisi watumishi tunapomharakisha mtu. Analia kwamba amina wake wa karibu amemnyang'anya shamba la marehemu babake, na sisi tunamwambia, “Achilia tu, songa mbele.” Anaachilia nini? Mwache kwanza ataje kiasi, mbele za Mungu, bila aibu. Msalabani deni letu halikuitwa dogo. Lilibebwa.

Sasa, kuna jambo lililonikuta mwaka jana. Yule ndugu alirudi, na akaanza kuabudu nasi. Nilimsalimia kwa mkono na sikuona moto moyoni, nikamshukuru Mungu. Baada ya muda jina lake likapendekezwa miongoni mwa wahesabu sadaka. Nikasema hapana. Mzee mmoja akanitazama akaniuliza, “Pasta, si wewe ndiye hutuhubiria msamaha?”

Lilinichoma swali hilo, na sikulala vizuri. Nilijipima: nalinda kanisa, au nadai deni langu kwa njia ya kamati? Kusema ukweli, sina hakika asilimia mia. Lakini nilipomsoma Yusufu, Mwanzo 42 hadi 45, nilitulia kidogo. Alipowaona ndugu zake alijitenga akalia, moyo ulikuwa umeshalainika. Hata hivyo alimzuia Simeoni, na baadaye akaficha kikombe katika gunia la Benyamini. Alitaka kuona kama wangemtupa mdogo wao walivyomtupa yeye. Yuda alipojitoa abaki mtumwa badala ya kijana, hapo Yusufu hakuweza kujizuia tena. Msamaha aliutoa bure, lakini imani ilikuwa ya kujengwa. Dada anayepigwa nyumbani akimsamehe mumewe, hajatia sahihi apigwe tena. Naomba tusiwahi kumwambia hivyo kwa jina la Yesu.

Nilimwita yule ndugu tukanywa chai, nikamweleza mwenyewe sababu ya kukataa, asiisikie kwa watu. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Hata mimi ningekataa, Pasta.”

Wiki mbili baadaye simu yangu ikalia. M-Pesa, shilingi 1,000, jina lake. Mwezi uliofuata, tena 1,000. Sikuwa nimemdai, nilishafuta. Nilifikiria kumrudishia, kisha nikakumbuka tulivyofundishwa darasani: deni lililofutwa likilipwa baadaye, halikataliwi, linaandikwa kuwa mapato. Nikamwandikia, “Nimepokea, ndugu yangu. Asante.”