Baba Aliye Hai

Mwaka nilioomba mkopo wa chuo, mjomba alifika kwa bibi, Tengeru, na suluhisho mkononi. "Andika baba amefariki. Cheti kitapatikana." Alikuwa na mtu wake.

Baba hakuwa amefariki. Aliondoka kabla sijaanza darasa la kwanza, akabaki kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Aliyenilea ni bibi, kwa mikungu ya ndizi aliyouza sokoni.

Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwafikiria yatima kwa namna ya pekee, na ushahidi wake ni cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Utaratibu huo una maana. Fedha hazitoshi, na bila ushahidi hata mtoto wa mwenye maduka angejiita yatima. Lakini kifo kina cheti, kuondoka hakuna.

Hoja ya mjomba haikuwa ya kipuuzi. Wazee husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Kama ni hivyo, asiyelea si baba, na kuandika "sina" kungekuwa kusema kweli. Tena mkopo ni deni langu mwenyewe. Nikiajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara, na yeye hatatoa hata shilingi. Kwa nini jina lake lipime uhitaji wangu?

Nilipomweleza bibi, aliacha kumenya ndizi. "Mjukuu wangu, siwezi kumzika mtu ambaye sijamlilia."

Nilidhani anaogopa mkosi tu. Baadaye nikaona mambo mawili. Kwanza, marehemu hadaiwi. Kumwandika baba kuwa amekufa kungekuwa kumpa udhuru ambao hakuwa nao. Pili, katika foleni ileile yupo mtu aliyemzika baba yake kweli, na mimi ningesimama mbele yake nikiwa na msiba wa kununua.

Nikaandika kweli. Nilipata sehemu tu ya nilichohitaji, na muhula wa kwanza bibi akauza ng'ombe wake.

Leo nasoma shahada ya uzamili na bado nakwama hapo. Ni rahisi kujisifu kwamba sikudanganya. Lakini dhamiri iliyobaki safi ni yangu, na zizi lililobaki tupu ni la bibi. Naweza kujibu kwamba yeye ndiye aliyekataa uongo, kwa hiyo alichagua gharama yake. Jibu hilo halinitoshi. Aliyechagua kwa sababu ananipenda bado ananidai.

Katika fomu ile hapakuwa na mahali pa kuandika nani amenilea. Palikuwa na nafasi ya mdhamini, yaani mtu atakayetafutwa nikilikimbia deni. Bibi aliuliza aweke wapi dole gumba, nikamwonyesha.